DVD ya harusi imekwama? Usiitupe: toa taswira kwanza, geuza baadaye

Dakika ya 34. Hapo ndipo DVD ya harusi ya baba mdogo hukwama, kila mara, kwenye kila deki. Babu anasimama, anaegemea fimbo yake, anafungua mdomo, halafu picha inavunjika vipande vipande na mashine inaanza kulia kama mtu anayetafuna changarawe. Baada ya hapo video inajirusha mbele, na unakuta wageni tayari wameshika sahani za wali.

Harusi hiyo ilifanyika nyumbani kwetu Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, Desemba 2008. Babu aliaga dunia miaka michache baadaye. Picha zake tunazo, tena nyingi, lakini picha haizungumzi. Sauti yake iko mahali pamoja tu: kwenye hiyo DVD, baada ya dakika ya 34.

Mwaka huu, familia ilipoanza kupanga siku ya kumkumbuka, dani (ndivyo tunavyomwita nyanya yetu) aliniita kando.

"Nyathina, si wewe ndiye unafanya kazi ya kompyuta huko Migori? Nitafutie pale mzee anaongea."

Kusema kweli, kazi yangu ya kompyuta ni kuchapishia watu barua na kuwasaidia kujaza fomu za serikali katika saiba moja mjini Migori. Lakini utamwambiaje dani hapana? Niliifunga DVD kwa kitambaa, nikaitia begini, nikapanda matatu. Haya ndiyo niliyojifunza tangu siku hiyo. Nayaandika kwa sababu nina hakika hata kwenu kuna diski kama hii.

Diski ziko kabatini, mashine hazipo

Toka Isebania hadi Rongo, kunja kuelekea Rodi Kopany na Homa Bay, kisha ushuke mpaka Mbita. Ni vigumu kukosa nyumba yenye DVD chache kabatini: harusi, matanga, harambee ya kanisa, mahafali ya mtoto wa kwanza kufika chuo. Wapiga video wa miaka hiyo walirekodi kwa kamera za kanda, wakahariri kwa kompyuta, wakachoma DVD, wakaandika jina juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Familia ikilipia nakala 2, moja ilibaki kwa mzazi na nyingine ikaenda Nairobi, isionekane tena.

Leo deki nyingi zimekufa, na vipakatalishi vinavyouzwa sasa havina pahali pa kutia diski. Hata hizi laptopu za mitumba tunazoziita ex-UK, kadiri zinavyokuja mpya ndivyo draivu ya DVD inavyozidi kutoweka.

Baya zaidi, diski yenyewe inazeeka. DVD ya kuchoma si sawa na ile ya filamu iliyotoka kiwandani. Ya kiwandani ina vishimo vidogo mno vilivyopigwa chapa kwenye plastiki. Ya kuchoma ina tabaka la rangi maalumu, na leza huandika kwa kuichoma rangi hiyo. Rangi haipendi joto, unyevu wala mwanga wa jua. Sasa fikiria kabati lililo chini ya paa la mabati, Homa Bay, saa nane mchana.

Kwa hivyo swali si kama diski ya nyumbani kwenu itagoma. Swali ni kama utakuwa umeshatoa taswira yake siku itakapogoma.

Taswira ya diski ni nini hasa?

Chukua mfano wa ghala la mahindi. Ukiingia na debe, ukachota mahindi, ukatia gunia, umenakili mafaili. Mahindi unayo, lakini mpangilio wa ghala umeuacha. Kutoa taswira ya diski ni kubeba ghala lenyewe, na vyumba vyake, na mlango wake, na kila punje pale ilipokuwa, ukaliweka ndani ya faili moja. Kompyuta ikifungua faili hilo inaamini imetiwa diski halisi.

Taswira inayojulikana zaidi ni ile inayoishia na herufi .iso. Jina hilo linatokana na ISO 9660, kiwango cha kimataifa cha kupanga mafaili kwenye CD kilichochapishwa mwaka 1988. DVD za video huchanganya mpangilio huo na mwingine mpya zaidi uitwao UDF, lakini jina la zamani ndilo lililoshika.

Kuna ndugu zake pia. Faili la .nrg lilitengenezwa na Nero, programu ambayo karibu kila studio ya enzi hizo ilikuwa nayo. Faili la .mdf hutembea na mwenzake mdogo wa .mds. Faili la .bin hutembea na .cue. La .img mara nyingine huja na .ccd. La .dmg ni la kompyuta za Apple. Ukiona mawili yanatembea pamoja, usiyatenganishe: kubwa ndilo lenye mzigo, dogo ndilo lenye ramani.

Kuhusu ukubwa, CD hubeba takriban MB 700. DVD ya tabaka moja ni GB 4.7, ingawa Windows itakuonyesha kama 4.38 kwa sababu inahesabu kwa 1,024 badala ya 1,000. Ya tabaka mbili hufika GB 8.5. Shikilia hizo namba, maana zilinitoa jasho baadaye.

Jaribio la kwanza: diski yenyewe

Saiba yetu haina draivu ya DVD hata moja. Niliazima ya nje, ile ya kuchomeka kwa USB, kutoka kwa jamaa anayetengeneza kompyuta karibu na steji.

Kabla ya kuitia diski, niliisafisha. Kuna aliyenishauri nipake dawa ya meno. Usifanye hivyo kwa diski unayoipenda; dawa ya meno ina chembe zinazosugua, na unaweza kuongeza mikwaruzo juu ya mikwaruzo. Tumia kitambaa laini chenye maji kidogo, futa kutoka katikati kwenda ukingoni, kama miale ya jua. Usizungushe. Mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski ndio unaoisumbua leza zaidi.

Kwenye Windows, programu ya bure iitwayo ImgBurn husoma diski na kuitoa kama ISO. Kwa DVD nzima nzima kazi hiyo ni dakika chache tu. Yetu ilifika karibu theluthi, ikaanza kulia makosa, ikasimama.

Nikahamia Linux. Huhitaji kufuta Windows. Ubuntu huwaka kutoka kwenye flashi na kuiacha kompyuta kama ilivyokuwa. Huko kuna programu iitwayo ddrescue. Ujanja wake ni huu: inachukua kwanza sehemu zote nzima, inaruka zilizoharibika, kisha inarudi kuzijaribu moja moja. Inaweka ramani ya palipobaki, kwa hivyo unaweza kuisimamisha na kuendelea kesho, au hata kuhamishia diski kwenye draivu nyingine. Draivu moja ikishindwa kusoma sehemu fulani, nyingine inaweza kuisoma. Amri ni mbili, moja baada ya nyingine:

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

ddrescue -d -r3 -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Niliiacha usiku kucha. Asubuhi nilikuwa na ISO yenye tundu. Kanisa lilikuwepo, keki ilikuwepo, ngoma ilikuwepo. Babu alisimama, akafungua mdomo, akapotea.

Jaribio la pili: kumtafuta aliyepiga video

Baba mdogo alikumbuka kwamba mpiga video alikuwa na studio mjini Homa Bay. Jumamosi nikashika njia ya Rongo. Studio haipo tena. Pale palipokuwa na mapazia ya kupigia picha za pasipoti sasa wanauza vyakula vya kuku. Niliuliza, nikaelekezwa, nikaulizia tena, mwisho nikampata akiuza kava na chaja za simu.

"Jaduong', shikamoo. Ulipiga video ya harusi Ndhiwa, 2008."

Alinitazama kwa muda. "Ile mvua ilinyesha tukahamisha keki?"

"Hiyo hiyo."

"Mimi sikufuta kazi ya mtu. Kompyuta iko nyumbani. Kama itawaka, hiyo sasa ni bahati yako."

Iliwaka. Ilikuwa chini ya kitambaa cha mezani, na Windows XP yake, na feni inayonguruma kama posho mill. Folda zilikuwa zimepangwa kwa mwaka. Ndani ya 2008 kulikuwa na faili moja kubwa: HARUSI NDHIWA FINAL.nrg. Ile kamera ya kanda aliiuza zamani, kanda zenyewe zikaandikwa juu yake kazi nyingine. Faili hili, ambalo aliliandaa kwa Nero ili achome nakala, ndilo lililobaki.

Nikachomeka flashi yangu ya GB 32. Kompyuta ikakataa: nafasi haitoshi. Flashi ilikuwa tupu kabisa!

Hapa ndipo watu wengi huamini flashi ni feki na kuitupa. Shida ni mpangilio wa flashi yenyewe. Flashi nyingi hufomatiwa kwa FAT32, na FAT32 haikubali faili moja linalofika GB 4, hata kama nafasi iliyobaki ni GB 28. Taswira ya DVD iliyojaa inapita hapo. Windows za sasa angalau hukwambia wazi kwamba faili ni kubwa mno kwa mpangilio huo. XP ilisingizia nafasi.

Dawa ni kufomati flashi upya kwa exFAT au NTFS, ukijua kwamba kufomati hufuta kila kitu kilichomo. Mimi nilichagua NTFS kwa sababu XP ile haikuijua exFAT. Nilitoa laptopu begini, nikafomati, nikairudisha flashi, na faili likaanza kuhama taratibu. Tulikunywa chai likihama.

Nilimpa mzee soo tano. Akachukua, halafu akasema, "Kuna harusi nyingi humo ndani. Wenyewe hawajawahi kuja."

Jinsi ya kufungua

Jumatatu, saiba, Migori. Nikabofya faili mara mbili. Windows ikaniuliza nifungue kwa programu gani. Jamaa wa meza ya pili akaruka: "Buda, si ubadilishe tu jina? Toa .nrg weka .iso. Hiyo ni kitu ndogo."

Mara nyingine bahati hukubali, lakini kubadilisha jina hakubadilishi kilichomo. Ni kama kubandika kibandiko cha unga kwenye mfuko wa saruji. Nero huongeza maelezo yake ndani ya faili, na programu inayotarajia ISO safi inaweza kupotea njia. Kama ni lazima ujaribu, jaribu kwa nakala, kamwe si kwa faili la pekee.

Njia sahihi ni hizi.

Kama una ISO kwenye Windows 8, 10 au 11, huhitaji programu yoyote. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua Mount, na draivu mpya itatokea ndani ya This PC kana kwamba umetia diski. Ukimaliza, bofya draivu hiyo kwa kulia, chagua Eject. Faili lako halijaguswa; taswira iliyopachikwa hivyo inasomwa tu, haiandikwi. Ukikuta WinRAR ndiyo inaifungua ISO, bofya kulia, nenda Open with, chagua Windows Explorer.

Kama una Windows 7, au faili ni .nrg, .mdf, .cue au .ccd, tumia WinCDEmu. Ni ndogo, ni ya bure, na inapachika aina hizo zote. Kwa jozi za mafaili, fungua lile dogo lenye ramani. Ukitaka tu kuchungulia ndani ya ISO na kutoa kitu kimoja, 7-Zip inatosha, na hata .dmg nyingi inazifungua.

Kwenye Ubuntu, bofya ISO mara mbili. Kwenye Mac pia, ISO na DMG hufunguka kwa kubofya.

Kama shida yako ni kutazama video tu, VLC hufungua ISO ya DVD moja kwa moja bila kupachika chochote, kwenye kompyuta na hata kwenye simu ya Android.

Na kama ISO yako ni ya kuweka Windows au Linux kwenye kompyuta, hiyo ni kazi tofauti. Hapo huifungui. Unaiandika kwenye flashi kwa programu kama Rufus, kisha unawasha kompyuta kwa flashi hiyo. Kunakili ISO na kuibandika kwenye flashi hakutoshi.

Nilipopachika faili letu kwa WinCDEmu, ndani yake kulikuwa na folda ya VIDEO_TS, na ndani ya folda hiyo mafaili ya .vob, .ifo na .bup. Usishtuke ukiyaona. DVD ya video hukatwa katika vipande vya .vob visivyozidi GB 1 kila kimoja, na .ifo ndiyo inayomwambia mchezeshaji aende wapi baada ya wapi. Ndiyo maana anayenakili .vob mojamoja huishia na harusi inayoanzia katikati ya hotuba.

Nikafungua kwa VLC. Nikasogeza hadi dakika ya 34. Babu akasimama, akaegemea fimbo, akafungua mdomo, na sauti ikatoka.

Nikaisimamisha hapo hapo. Nilitaka dani awe wa kwanza.

Jinsi ya kugeuza

Kuna kugeuza kwa aina mbili, na wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni kugeuza taswira kuwa taswira nyingine: .nrg, .mdf au .bin kuwa .iso. Unafanya hivi kwa sababu ISO inafunguka karibu kila mahali, na huenda miaka 10 ijayo usipate programu inayoijua .nrg. Kwenye Windows, AnyBurn ina sehemu ya kugeuza taswira: unachagua faili la zamani, unachagua ISO, unabofya. Kwenye Linux kuna nrg2iso kwa ajili ya Nero, na bchunk kwa jozi ya .bin na .cue. Hapa ubora haupungui hata kidogo. Ghala ni lile lile, umebadilisha mlango tu. Isipokuwa kitu kimoja: CD ya nyimbo haiingii kwenye ISO, kwa sababu ISO haina nafasi ya nyimbo za aina hiyo. Ya nyimbo iache kama .bin na .cue.

Ya pili ni kugeuza yaliyomo: video iliyo ndani ya ISO kuwa MP4 ambayo simu na runinga zitaicheza. Programu ya bure iitwayo HandBrake hufanya hivyo. Unaipa ISO au ile folda ya VIDEO_TS, inasoma, unachagua MP4, unaianzisha. Mambo matatu ya kuangalia: chagua sehemu ndefu zaidi, maana menyu ya DVD nayo huhesabiwa kama video. Washa kichujio cha Deinterlace, kwa sababu kamera za zamani zilirekodi kwa mistari inayopishana na bila kichujio watu wakikimbia wanaota meno ya kitana. Tatu, usiipanue picha. DVD zetu za mfumo wa PAL zina mistari 576. Kuilazimisha iwe ya HD hakuongezi uso wa mtu, kunaongeza tu ukubwa wa faili.

Aina hii ya pili hupunguza ubora kidogo, na huwezi kuurudisha. Ndiyo sababu ya kichwa cha makala haya: toa taswira kwanza, geuza baadaye. MP4 ni ya kutazama, ISO ni ya kuhifadhi. Ukifuta ISO ili kuokoa nafasi, umechoma ghala ukabaki na unga.

Laptopu yangu ilichukua saa kadhaa, ikitoa joto la kuchemsha uji. MP4 ilitoka na GB 1 na kidogo, kwa hivyo iliingia hata kwenye flashi ya FAT32, ile ambayo runinga ya dani inaisoma.

Baada ya hapo, angalia mwanzo, katikati na mwisho wa video kabla ya kuamini kazi imekwisha. Weka nakala zaidi ya mbili, na moja iwe mbali na nyumbani. Ukitaka kuhakikisha nakala zinafanana baiti kwa baiti, andika kwenye dirisha la amri la Windows: certutil -hashfile harusi.iso SHA256. Itakupa mstari mrefu wa herufi na namba. Ukirudia kwa nakala ya pili na mstari ukawa ule ule, hakuna kilichopotea njiani. Na diski ya zamani usiitupe. Iweke ndani ya kasha lake, imesimama, mahali penye baridi na giza.

Chunga haya matatu

La kwanza, si kila ISO ni kumbukumbu. Windows huweka alama kwenye mafaili yanayotoka mtandaoni ili ikutahadharishe unapoyafungua. Kwa miaka mingi faili lililofichwa ndani ya ISO halikurithi alama hiyo, na wahalifu wakatumia pengo hilo kuingiza virusi hadi Microsoft ilipoliziba Novemba 2022. Kompyuta isiyosasishwa bado iko wazi. Ukitumiwa ISO inayodaiwa kuwa ankara au barua ya kazi, usiiguse. Hakuna mwajiri anayetuma barua ndani ya diski.

La pili, diski ya harusi yenu ni yenu, lakini diski ya mwanamuziki ni jasho lake. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ndiyo inayoisimamia. Kutoa taswira ya santuri ya msanii wa ohangla na kuwauzia watu kwenye flashi si kuhifadhi kumbukumbu, ni wizi.

La tatu, video za familia zina watoto, wagonjwa na maiti. Ukifanya kazi hii kwa ajili ya wengine, muulize mwenye diski nakala ibaki nawe au ifutwe, kisha ufanye alivyosema. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na kabla yake tulikuwa na adabu.

Kazi iko, vijana

Tangu nimalize hii, nimefanyiza diski nyingine kadhaa pale saiba. Mama mmoja kutoka Awendo alileta za kwaya ya kanisa. Mwalimu mstaafu kutoka Kehancha alileta ya siku yake ya kustaafu. Nalipisha kidogo kwa diski nzima, zaidi kidogo kwa inayogoma, na isipofunguka silipishi. Mtaji ni draivu ya nje, diski kuu ya kuhifadhia, subira, na programu ambazo nyingi kati ya nilizozitaja zinapatikana bure. Sisemi utajenga ghorofa. Nasema kuna wazee kwenye kila kijiji cha Migori na Homa Bay walio na kitu wasichoweza kukiona, na wewe uliyezaliwa na simu mkononi unaweza kukiwasha.

Siku ya kumkumbuka babu, tulitoa runinga nje, tukaiweka kwenye kivuli cha mwembe. Watu walicheka walipojiona walivyokuwa wembamba. Dakika ya 34 ilipofika, kelele zilikoma zenyewe.

Babu alisimama, akaegemea fimbo, akafungua mdomo. Sote tulitarajia hotuba, maneno mazito ya mzee kwa maharusi. Hotuba ilikuja baadaye. Lakini sentensi yake ya kwanza, ambayo ile DVD ilikuwa imeimeza miaka yote hii, ilikuwa kwa Kijaluo, akiwaelekezea kidole vijana waliokuwa wakipanga viti:

"Msogezeeni mama yenu kiti, jua linamchoma."

Dani hakusema kitu. Alingoja hotuba iishe, ngoma ianze, watu warudie kelele zao. Kisha akanigusa bega.

"Nyathina," akasema, "rudisha hapo pa kiti."